Mwenzako Akinyolewa, Usitie Maji

Kama uko jikoni, endelea kukuna nazi yako, sauti itakufikia hukohuko. Kama uko barazani, sogeza kiti. Leo nina habari ya kunyoa, na anayenyolewa si mimi wala si wewe. Ni mbwa.

Cheka tu. Na mimi nilicheka. Kicheko changu kilinigharimu mashine moja, ngozi ya mnyama asiye na hatia, na siku tatu za kununiwa na binti yangu.

Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Methali hiyo ni ya zama za wembe. Kinyozi alikaa chini ya mti, bakuli pembeni, akalowesha kichwa cha mteja, akapaka povu, akasubiri nywele zilainike, ndipo wembe ukapita. Maji yalikuwa nusu ya kazi. Basi siku nilipoamua kumnyoa mbwa wa nyumbani, nikaifuata methali neno kwa neno. Nikaanza na ndoo. Nikamlowesha akalowa chepechepe, nikawasha mashine yangu, ile ile niliyokuwa nikinyolea kichwa changu kila Jumapili, nikaanza kazi. Hapo ndipo nilipoanza kujifunza kwamba karibu kila tunachokijua kutoka kwenye kiti cha kinyozi, kwa mbwa kimegeuka juu chini.

Mbwa mwenyewe anaitwa Pamba. Ukimwona utajua kwa nini. Mweupe, mdogo, manyoya ya kujisokota. Binti yangu alimleta nyumbani angali mtoto, anaenea kwenye kiganja. Sisi tulizoea mbwa wa kienyeji, wale wa rangi ya udongo, manyoya mafupi yaliyolala, ambao tangu wazaliwe mpaka wafe hawajapata kuulizia chanuo. Pamba ni wa ukoo mwingine. Ana damu ya wale mbwa wadogo waitwao Maltese. Yeye na jamaa zake akina Shih Tzu na Poodle siku hizi wako wengi Mbezi na Mikocheni, na kule Nairobi usiseme. Manyoya ya mbwa hawa hayapukutiki sana kama ya mbwa wengine. Yanakua tu, kama nywele za mtu. Usipoyapunguza yanafunika macho, yanabeba matope ya masika, yanafungamana kwapani mpaka mnyama anachechemea na wewe unadhani amekanyaga mwiba.

Kaskazi ikaingia. Unalijua joto la Dar es Salaam la Januari, lile la kulala na feni mkononi umeme ukikatika. Nikamtazama Pamba na koti lake la sufu, nikamwonea huruma. Huruma ndiyo iliyoniponza.

Mashine ikanguruma, ikaguna, ikanyamaza. Manyoya yamejaa kwenye meno kama katani. Nikayatoa, nikawasha tena, nikakandamiza. Pamba akalia mlio ambao sijawahi kuusikia. Kutazama tumboni, mstari mwekundu, mrefu kama kidole. Jioni ile binti yangu akambeba mpaka kwa daktari wa mifugo, nami nyuma yao kama mshitakiwa.

Daktari, mama mmoja kijana, mtulivu, akasema, "Shikamoo, mzee."

Nikaitika, "Marahaba."

"Huyu nani kamfanya hivi?"

Nikatazama dari.

Akapaka dawa, akaniambia hakuna jeraha la kukatwa hapa, huyu ameungua. Nikashangaa. Kuungua na moto gani? Akacheka kidogo, akavuta kiti, na mengi nitakayokwambia leo yalianzia kwenye kiti kile.

Tuanze na mashine yenyewe. Ukiitazama kwa karibu utaona nyembe mbili zilizolaliana. Wa chini una meno kama chanuo, na hautembei. Kazi yake ni kupenya ndani ya nywele na kuzipanga. Wa juu ndio unaokimbia, kushoto kulia, maelfu ya mara kwa dakika. Unywele unakatika pale meno ya juu yanapopishana na ya chini. Ni mkasi, msikilizaji. Tena ni mikasi mingi iliyopangwa safu moja. Sasa, ili lile chanuo la chini lipenye, kila unywele sharti usimame peke yake. Ukitia maji, manyoya yanashikana, yanalala, yanakuwa kitambaa. Mkasi hauchani kitambaa kilicholowa kirahisi; unakitafuna. Wembe wa kinyozi wa zamani ulipenda maji. Mashine inapenda ukavu. Ndiyo nikakwambia, mwenzako akinyolewa, usitie maji.

Hiyo haina maana asioge. Aoge, tena aoge kwanza, kwa sababu mchanga na vumbi ndivyo vinavyokula makali ya meno. Mwogeshe, kisha mkaushe mpaka kwenye shina la manyoya, kisha mchane kwa chanuo la chuma. Chanuo likipita kutoka ngozini mpaka nchani bila kukwama, washa mashine. Likikwama, na mashine itakwama palepale. Na ukikuta fundo, manyoya yamesokotana kuwa donge, usishike mkasi. Fundo huivuta ngozi na kuificha ndani yake, na mkasi haujui manyoya yameishia wapi na ngozi imeanzia wapi. Fundo linaondolewa kwa mashine, polepole, ukipita chini yake.

Halafu kuna ngozi. Tabaka la nje kabisa la ngozi ya mtu lina safu 10 hadi 15 za seli. La mbwa lina safu 3 hadi 5. Tunaona manyoya mengi, tunadhani chini yake kuna gamba. Kumbe chini yake kuna karatasi. Na manyoya yenyewe hayaoti kama nywele zetu. Kwa mbwa, tundu moja la ngozi hutoa kishungi kizima, unywele mmoja mnene na nyingine nyembamba nyingi zikiuzunguka. Kwa hiyo mashine ya kichwa cha mtu inapokutana na mbwa wa manyoya mengi inakutana na msitu, na imezoea shamba la mchicha. Mota inaelemewa, wembe unapata moto, na moto ule unakaa juu ya karatasi. Pamba aliungua hivyo.

Basi nikaenda Kariakoo kutafuta mashine ya mbwa. Muuzaji wa kwanza akaniambia, "Mzee wangu, nywele ni nywele." Akanionyesha boksi lenye picha ya mbwa anayetabasamu. Nikaomba kulifungua. Ndani mna mashine ile ile niliyoiacha nyumbani, rangi tu imebadilika. Msikilizaji, picha ya mbwa kwenye boksi si ushahidi. Ushahidi uko kwenye mambo matatu: meno, mota, na maandishi madogo ya nyuma.

Kwenye meno, nisikilize vizuri, maana hapa ndipo watu wengi wanapotea. Ukikaa kwa kinyozi unasema, nipige namba 1, au namba 2. Hizo ni namba za vile vitana vya plastiki vinavyovalishwa mashine. Namba 1 inaacha nywele za milimita 3 hivi. Namba 2 inaacha 6. Namba 4 inaacha kama 13. Namba ikipanda, nywele zinabaki ndefu. Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua.

Nyembe za mbwa zina namba zilizochongwa kwenye chuma chenyewe, na zinakwenda kinyume. Namba 3 inaacha milimita 13 hivi. Namba 4 inaacha 9.5. Namba 5 inaacha 6.3. Namba 7 inaacha 3.2. Namba 10 inaacha milimita moja na nusu. Namba 30 inaacha nusu milimita. Na namba 40, ambayo mtu wa kiti cha kinyozi angeichukua akidhani ataacha manyoya mengi, inaacha robo milimita. Hiyo ndiyo wanayonyolea madaktari kabla ya kumpasua mnyama. Namba ikipanda, manyoya yanakwisha. Fikiria mtu anayetaka mbwa wake abaki na manyoya ya kutosha, anaingia dukani, anasema kwa kujiamini, nipe namba kubwa kabisa.

Kila kiwanda kinatofautiana kidogo na kingine. Tena zipo seti za mbwa zenye vitana vya plastiki vinavyopachikwa juu ya wembe mfupi, navyo vina namba zake, na kila kampuni ina hesabu yake. Kwa hiyo kumbuka neno moja tu: soma milimita, usisome namba. Milimita haina mbwa wala mtu. Ni ile ile.

Na ukiona herufi F imefuata namba, 7F, 5F, 4F, basi meno ya wembe huo yanalingana yote na unanyoa laini. Kuanzia namba 7 kushuka zipo pia nyembe zisizo na F. Hizo jino refu na jino fupi hupokezana. Zinapita haraka kwenye manyoya mazito, lakini katikati ya meno marefu panaweza kuingia mkunjo wa ngozi, au ncha ya sikio. Waachie mafundi. Wewe na mimi tukae na F. Na ukinyoa mara ya kwanza acha urefu, milimita 9 au 13. Manyoya yaliyobaki unaweza kuyapunguza wiki ijayo. Yaliyokwenda utayasubiri miezi.

Liko na hili la ziro. Vijana wetu wa saluni wana ufundi wa kulegeza skrubu na kuusogeza wembe wa juu mbele mpaka ulingane na wa chini, wapate ule mstari mkali wa paji la uso unaoonekana kama umepigwa kwa rula. Mimi mwenyewe napenda kunyolewa hivyo. Lakini mashine iliyowekwa ziro ikipita kwenye kwapa la mbwa, meno yanayokimbia yanagusa ngozi moja kwa moja. Kwenye mashine ya mbwa, wembe wa juu ubaki nyuma kidogo ya wa chini, siku zote. Hata ukiinunua mpya, itazame. Zile za bei ya kutupa wakati mwingine zinatoka kiwandani zikiwa zimepinda.

Tuje kwenye mota na umeme. Mdogo wangu anaishi Minnesota, Marekani. Aliposikia kisa cha Pamba, alipokuja likizo akaniletea mashine ya mbwa, nzuri, nzito, ya waya. Unajua mashine ya kunyolea ya umeme tunayoijua leo ina mizizi huko. Mtu aitwaye Leo Wahl, wa mji wa Sterling, jimbo la Illinois, aliomba hataza ya mashine yake mwaka 1919. Mathew Andis akamfuata mwaka 1922, na John Oster mwaka 1924, wote wawili jimbo la jirani la Wisconsin. Majina hayo matatu bado yako kwenye mashine za vinyozi, na kwenye za mbwa. Nikasema, hii imetoka kwa wenyewe.

Nikageuza nyuma nikasoma: volti 120. Umeme wetu ni 230. Sikuwa mjinga, nikanunua transfoma. Nikachomeka. Mashine ikaanza kugonga: ta-ta-ta-ta, kama bati lililolegea wakati wa upepo. Inagonga, lakini hainyoi. Pamba akaingia chini ya kabati.

Nikampelekea fundi redio wa mtaani. Akaifungua, akaitazama, akaniambia, "Mzee, transfoma inapunguza volti. Haibadilishi mapigo." Mapigo ndiyo nini? Akanieleza. Umeme wa Marekani unakwenda na kurudi mara 60 kwa sekunde. Wetu, mara 50. Mashine ile ilikuwa ya sumaku. Haina mota ya kuzunguka. Ina sumaku inayovuta mkono wa wembe na springi inayourudisha, ikifuata mapigo ya umeme, mara mbili kwa kila pigo. Piga hesabu: Marekani wembe unapita mara 7,200 kwa dakika. Hapa, 6,000. Na springi yake imekazwa kwa mwendo wa kule. Ni kama mchezaji aliyezoea ngoma ya haraka, umpigie ya polepole: miguu inagongana. Kuna skrubu ubavuni ya kutuliza makelele, fundi akaikaza, mlio ukapungua, nguvu haikurudi. Mashine ile sasa iko kabatini, kumbukumbu ya upendo wa mdogo wangu.

Kwa hiyo wewe mwenye ndugu Ulaya au Marekani, au unayenunua vya mtumba, pindua chaji usome maandishi madogo. Ukiona imeandikwa 100–240V, 50/60Hz, chukua kwa amani. Ukiona 120V 60Hz peke yake, mwambie ndugu yako akuletee viatu.

Ninachokushauri ni mashine yenye mota ya kuzunguka, ya betri, na inayoweza pia kufanya kazi ikiwa imechomekwa. Mota ya kuzunguka ina nguvu ya kusukuma kwenye manyoya mazito bila kulegea. Betri iwe ya lithiamu. Haichoki ovyo kama zile za nikeli za zamani, ambazo zinaanza kuzubaa nusu ya kazi. Na uichaji siku moja kabla. Umeme ukikatika mbwa akiwa amenyolewa upande mmoja, mtaa mzima utapata cha kusimulia. Mwendo wa wembe kati ya mara 3,000 na 4,500 kwa dakika unatosha. Mkubwa zaidi unateleza vizuri, lakini mwendo unazaa joto.

Na kama bei inaruhusu, tafuta mashine ambayo wembe wake unachomoka wote na kuwekwa mwingine, wa aina wanayoiita A5. Ulianza na Oster, lakini kampuni nyingi zimeufuata, kwa hiyo wembe wa mmoja unaingia kwenye mashine ya mwingine. Leo ununue 4F, mwakani uongeze 5F. Ukiisha makali unabadilisha wembe, hubadilishi mashine. Tahadhari moja: usimpe yule fundi wa kunoa visu anayepita na baiskeli yake. Hodari kwa panga na visu, lakini nyembe hizi hunolewa kwenye sahani bapa maalumu. Jiwe la kuzunguka litaziharibu kwa dakika moja.

Sasa joto. Hata mashine njema inapata moto, kwa sababu chuma kinasugua chuma. Kila dakika chache, igeuze, gusisha wembe ndani ya kifundo cha mkono wako, pale mama anapoonjea joto la maziwa ya mtoto. Ukisema "ah", pumzika. Wembe wa seramiki haupati moto upesi, lakini ukiuangusha kwenye sakafu ya vigae, hesabu umevunjika. Na dawa kubwa ya joto ni mafuta. Matone machache kwenye meno kabla ya kuanza, na tena katikati ya kazi, kisha ufute yaliyozidi ili mbwa asiyalambe. Mafuta membamba ya mashine, ya aina tunayotia cherehani. Mimi nilitia ya alizeti, nikijiona mbunifu. Baada ya wiki mbili yalikuwa gundi.

Msikilizaji, kabla hujanunua lolote, liko swali la mwanzo ambalo mimi sikujiuliza: mbwa wako anahitaji kunyolewa? Jirani yangu ana mmoja wa wale tunaowaita mbwa wa polisi, German Shepherd. Kaskazi ile ile akaniona nikihangaika na Pamba, akaniambia juu ya ukuta, "Mzee mwenzangu, ukimaliza niazime mashine, wangu naye anahema." Nikataka kumpa. Bahati nilikuwa nimeshakaa kwenye kile kiti cha daktari.

Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Jasho lake ni kidogo, lipo kwenye nyayo. Anajipoza kwa kuhema, ulimi nje. Kwa hiyo kumnyoa mbwa ili jasho lipate kukauka ni kumvua koti mtu asiyetoka jasho. Na wale akina German Shepherd, na hawa weupe wenye mikia ya kupinda, Spitz, wana manyoya ya matabaka mawili: ya nje magumu na marefu, ya ndani laini kama sufi. Matabaka yale mawili huzuia baridi, na huzuia jua. Ni kama paa la makuti. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa hili: ndani ya nyumba ya makuti kuna ubaridi saa saba mchana, na chini ya bati unaiva. Ukimnyoa mbwa huyu umeezua makuti, umemwacha na jua la Januari mgongoni. Na kuna wengine manyoya yao hayarudi sawasawa tena. Yanaota mabaka, au yanarudi ya ndani tu. Mbwa huyu mtafutie brashi ya kung'olea manyoya yaliyokufa, maji masafi, na kivuli cha mwembe. Nikamweleza jirani. Akatikisa kichwa, akaenda kumtafutia mbwa wake kivuli.

Najua wapo wasikilizaji wangu ambao kwa dini yao mate ya mbwa ni najisi, na mbwa wao ni mlinzi, ana banda lake uani. Hayo yana taratibu zake na ninaziheshimu. Lakini mlinzi naye ana ngozi. Mlinzi wa kienyeji mwenye manyoya mafupi hahitaji mashine hata kidogo. Anahitaji brashi ya mara moja kwa wiki na jicho la kutafuta kupe. Pesa yako ibaki mfukoni.

Mashine ya mbwa iwe ya mbwa. Usirudi nayo kichwani kwako, wala kwa watoto. Kuna choa, wengine wanayaita mashilingi, ambayo mbwa humpa mtu na mtu akampa mbwa. Na kama unawanyoa mbwa wa majirani, fanya kama saluni nzuri inavyofanya: piga brashi, safisha kwa dawa ya kuua vijidudu, kausha, tia mafuta, ndipo mwingine apande mezani.

Na mezani hapo weka gunia au mkeka wa mpira asiteleze. Mbwa anayeteleza anaogopa, na anayeogopa anauma. Kumbuka pia masikio yake si yako. Wewe unasikia sauti mpaka mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. Yeye anafika karibu 45,000. Mlio unaouita mdogo, kwake una ghorofa ya juu usiyoisikia. Kwa hiyo dukani omba mashine iwashwe. Ishike dakika tatu nzima. Ikikutetemesha mkono mpaka kiwikoni, itamtetemesha na yeye.

Ukifika nayo nyumbani, usimnyoe. Siku ya kwanza iweke kando ya bakuli lake, imezimwa. Siku ya pili iwashe chumba cha pili, yeye akiwa anakula. Siku ya tatu mguse nayo mgongoni, kwa tumbo la mashine, meno yakitazama juu, umpe dagaa mmoja. Siku ya nne tena, dagaa wawili. Sisi ilituchukua siku tisa na fungu zima la dagaa wa Mwanza. Siku ya kumi nikamnyoa mgongo peke yake, kufuata manyoya yanavyolala, nikaacha. Kesho yake miguu. Kwapani, kwenye mikunjo ya mapaja, na ncha za masikio, unanyoosha ngozi kwa vidole ndipo upite, na karibu na macho usipite. Akionyesha meno, weka mashine chini; kesho ipo. Akikuuma au akikuchubua kwa meno, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na chanjo yake ya kichaa cha mbwa iwe haijapita muda.

Jumapili iliyopita nilikuwa kwa kinyozi wangu. Kijana anaifahamu kazi, mkono wake mwepesi. Akaniuliza, "Mzee, nasikia siku hizi na wewe ni kinyozi?" Saluni nzima ikacheka. Nikamwambia ndiyo, na mteja wangu ni mmoja. Akasema basi amlete Pamba pale, atampiga namba 4 safi. Nikamuuliza, namba 4 ya wapi? Akanitazama. Nikamweleza habari ya milimita, nikamweleza habari ya ziro. Akazima mashine akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mzee, kumbe mimi najua vichwa tu."

Kijana yule alisema mapema kile ambacho mimi nilikisema baada ya kumuunguza mnyama. Basi Jumamosi hii, kabla hujatoka kwenda dukani, nenda kwanza uani. Piga goti. Fungua manyoya ya mbwa wako kwa vidole viwili mpaka uione ngozi, na utazame: tabaka moja au mawili, marefu au mafupi, makavu au yamefungamana, ngozi safi au ina kupe. Ukiinuka hapo utakuwa unajua zaidi ya muuzaji, na pengine utakuwa umegundua kwamba unachohitaji kununua ni chanuo.

Mimi naishia hapo. Pamba ananisubiri, leo ni zamu ya miguu ya nyuma, na dagaa wameshamaliza kukaangwa. Kwaheri, msikilizaji.